Kikokotoo cha uzito wa mimba kilinidanganya, au mimi ndiye niliyekidanganya?

#1 MjiKasoroBahari, 16 Novemba

Wadau habari za jioni. Naleta kisa changu, mnicheke kwanza halafu mnisaidie.

Nina mimba ya kwanza, niko Morogoro. Kazi yangu ni kushika hesabu za duka la jumla, kwa hiyo namba ni ugonjwa wangu. Katikati ya mwezi wa kumi nilipakua aplikesheni moja ya wajawazito, zile zenye picha ya mtoto anayekua kila wiki. Ndani yake kuna kikokotoo cha uzito. (Najua, neno kikokotoo likitajwa nchi hii wastaafu wanashika vichwa kwa ajili ya mafao yao. Hiki ni kingine.) Kinauliza urefu, uzito wa kabla ya mimba, uzito wa leo, na siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Bahati nzuri uzito wa zamani nilikuwa nao, maana mwezi wa sita nilichangia damu na pale wanakupima kwanza. Nikajaza: sentimita 160, kilo 58, kilo 60, tarehe 04/07.

Kikachora. Ukanda wa kijani unapanda kama barabara ya Mgeta, halafu chini yake, mbali kabisa, kidoti chekundu. Kidoti ndiyo mimi. Maelezo yake: uko wiki ya 27, ulipaswa kuwa umeongeza kilo 5.6 mpaka 9.4, umeongeza 2. Zungumza na mtoa huduma wako.

Sikuzungumza na mtu. Nilianza kula.

Asubuhi bakuli la uji wa lishe nimeutia karanga na siagi. Saa nne chapati mbili na soda. Mchana ugali wa mtu anayelima. Saa kumi maandazi. Usiku wali, na kabla ya kulala glasi ya maziwa yenye sukari. Mama mkwe alikuja kutusalimia akanikuta namalizia sahani, akasema sasa ndiyo nimeolewa. Kila Jumapili napanda mizani, kidoti kinasogea juu kidogo, moyo unatulia.

Jana nikaenda kliniki. Nesi akaangalia mizani, akaangalia kadi, akaniangalia mimi, akasema, "Shuka. Vua viatu, mkoba weka chini, panda tena." Kilo 64.5. Mwezi uliopita kadi inasema 60. Akapima presha, akaniambia nikae dakika kumi, akapima tena. Akachukua mkojo. Vyote safi. Ndipo akauliza, "Mama, unakula nini?" Nikatoa simu kwa majivuno kabisa, nikamwonyesha mstari wangu. Akausoma taratibu, akauliza, "Hii simu inasema unajifungua lini?"

Nikafungua. Tarehe 14 Januari.

Akageuza kadi. Tarehe 11 Aprili.

Wadau, ile aplikesheni inasoma mwezi kwanza, siku baadaye. Tarehe 4 Julai yangu yeye aliielewa kuwa 7 Aprili. Siku 88 hewani. Nilipojaza nilikuwa wiki ya 15, na kwa wiki ya 15 zile kilo mbili zilikuwa sawasawa kabisa. Mwezi mzima nimekula kufidia deni ambalo sikuwa nalo.

Maswali yangu: nani ametumia hivi vitu vikamsaidia kweli? Na hizi kilo za ziada nizitoe vipi?

#2 Mjomba Pilipili

Mshika hesabu amekosea tarehe! Bosi wako akiuona huu uzi ataita wakaguzi kesho asubuhi.

#3 Shangazi Kibao

Sisi tumezaa sita bila simu wala kidoti. Mjamzito anakula anachokitamani, anakula cha watu wawili, mtoto anatoka ana afya. Wa kwangu wa tatu alikuwa kilo nne na nusu, wodi nzima ilikuja kumtazama. Nyie mnataka mtoto wa kidoti cha kijani.

#4 MkungaMstaafu

Binti wa Morogoro, pole, na hongera kwa kupata nesi mwenye macho. Nimefanya kazi ya kliniki ya wajawazito miaka mingi kabla sijastaafu, ngoja niandike kwa nafasi.

Kwanza, kikokotoo chako hakikukosea hesabu. Kilijibu sawasawa kwa mtu aliyeona siku zake tarehe 7 Aprili. Karibu vyote hivi, vya Kiingereza na vilivyotafsiriwa, vinabeba jedwali lilelile lililotolewa mwaka 2009 na Taasisi ya Tiba ya Marekani. Jedwali linaanza na uzito wako kabla ya mimba, kilo ugawe kwa urefu wa mita, jibu uligawe tena kwa urefu huohuo, ndiyo BMI. Wewe kilo 58 kwa mita 1.6 unapata 22.7, uko kundi la kawaida, BMI 18.5 mpaka 24.9, na kundi hilo linatarajiwa kuongeza kilo 11.5 mpaka 16 kwa mimba nzima. Aliyeanza mwembamba, chini ya 18.5, anahitaji zaidi: 12.5 mpaka 18. Aliyeanza na BMI 25 mpaka 29.9 ni kilo 7 mpaka 11.5. Kuanzia 30 kwenda juu ni 5 mpaka 9. Kwa hiyo ukiona shosti yako kaongeza kilo saba tu na daktari wake ametulia, usimwige. Pengine jedwali lake si lako.

Miezi mitatu ya kwanza haidai kitu kikubwa, nusu kilo mpaka mbili. Baada ya hapo mtu wa kundi lako anaongeza kama gramu 420 kwa wiki. Wewe umeongeza zaidi ya kilo moja kwa wiki, wiki nne mfululizo.

Na hapa ndipo nataka wengine wasikie. Nesi wako alikimbilia presha kabla hajauliza habari za ugali. Unajua kwa nini? Mizani haijui mafuta na maji. Baada ya wiki ya 20, na wewe uko mlangoni pake, mama akipanda kilo nyingi ghafla sisi tunawaza kifafa cha mimba kwanza, chakula baadaye. Presha ikifika 140 kwa 90, au mkojo una protini, hiyo si habari ya soda tena. Vivyo hivyo kichwa kinachogonga na hakisikii dawa, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na vidole kuvimba mpaka pete haitoki, maumivu makali chini ya mbavu za kulia. Ukipata lolote kati ya hayo usifungue simu kuangalia kijani. Nenda kituoni usiku huohuo. Kama usafiri ni shida na uko Tanzania, piga 115, ni namba ya bure ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Kuhusu kuzitoa: hakuna kuzitoa. Mjamzito hafanyi daieti. Rudi kwenye ulaji wako wa zamani, ondoa soda na maandazi ya saa kumi, tembea jioni, mstari utalala wenyewe. Na kwa vile umekunywa sukari nyingi hivyo, kati ya wiki ya 24 na 28 kaulizie kipimo cha kisukari cha mimba. Usingoje uitwe.

Shangazi Kibao, nakuheshimu, lakini mtoto wa kilo nne na nusu wodi nzima huja kumtazama kwa sababu wote walikuwa na wasiwasi. Bega likikwama njiani, dakika zile mkunga anazeeka.

#5 PwaniMzawa

Mie niko Mombasa. Mkunga shukrani, lakini mwenzenu hapo kwa "uzito kabla ya mimba" ndipo ninapokwama. Nani huyo alojipima kabla? Mie nilijua nina mimba mwezi wa tatu ushapita, kliniki nikaenda wa tano. Kikokotoo kikaniuliza, nikakisia kilo 63. Dada yangu akasema wewe hukuwa 63, wewe ulikuwa 65 arusini kwa Mwanaisha. Nikabadilisha, na lile jedwali likageuka lote! Kwa 63 naambiwa niko sawa, kwa 65 naambiwa nimezidi. Kilo mbili tu.

#6 MkungaMstaafu

Una urefu gani? Kama ni sentimita 160 hivi, basi umekaa juu ya mpaka. Kilo 64 ndiyo BMI 25 kamili. Ukiandika 63 unapewa nafasi mpaka kilo 16, ukiandika 65 unaambiwa mwisho 11.5. Mwili wako haujui huo mstari, jedwali ndilo linaloujua. Aliye mpakani asome majedwali yote mawili, akae katikati.

Asiyejua uzito wa zamani achukue wa kwanza kabisa uliopimwa, ukiwa ni wa kabla ya wiki 12 au 13 unatosha kabisa. Ukichelewa kama wewe, angalia kama kuna mahali ulipimwa: mchango wa damu kama huyu binti, bima, duka la dawa, hata wale vijana wa mizani stendi. Ukikosa kabisa, usikisie. Mwambie nesi akupime mzunguko wa mkono wa juu kwa ule mkanda. Mkono haubadiliki sana mimba ikikua. Sehemu nyingi tukiona chini ya sentimita 23 tunajua mama huyu lishe imempita, bila kuuliza alikuwa kilo ngapi arusini.

#7 PwaniMzawa

160 kamili. Basi mie ndiye huyo wa mpakani 😂 Ahsante, ntamwambia sista anipime mkono.

#8 BabaKijacho

Samahani naingilia. Mke wangu alikuwa kilo 52, sasa ni 48, mimba wiki ya 10. Aplikesheni inasema kupungua miezi ya mwanzo ni kawaida. Anatapika kila kitu. Nimletee nini ale apate uzito?

#9 MkungaMstaafu

Maji yanakaa tumboni? Mkojo rangi gani?

#10 BabaKijacho

Maji anatapika pia tangu juzi. Mkojo kidogo, kama chai ya rangi.

#11 MkungaMstaafu

Baba, funga simu umpeleke sasa hivi. Kilo nne kwa mtu wa 52 ni karibu asilimia 8. Kuchefukwa ni kawaida, kupungua zaidi ya asilimia 5 na kushindwa hata maji si kawaida. Anahitaji dripu na dawa ya kuzuia kutapika. Chakula baadaye. Ukirudi tuandikie.

#12 nyanya_chungu

Mnaotumia hizi aplikesheni mnielezee lile jambo la matunda. Wiki fulani naambiwa mtoto ana ukubwa wa rasberi. Sijawahi kuona rasberi. Wiki nyingine artichoki. Nikamuuliza mume wangu artichoki ni nini, akasema ni timu ya Ulaya. Watuwekee ndimu, parachichi, embe dodo, papai, tuelewane.

#13 Mjomba Pilipili

Wiki ya 40: fenesi.

#14 Kimya Kingi

Mimi nina neno tofauti kidogo. Mwaka juzi nilijisajili kwenye mojawapo ya hizo, nikaweka tarehe, uzito, kila kitu. Wiki ya 10 mimba ikatoka. Sikuwa na nguvu ya kufungua ile aplikesheni, nikaiacha. Yenyewe haikuniacha. Kila Jumatatu asubuhi: hongera mama, leo mtoto wako ana ukubwa wa kitu fulani. Mpaka wiki ya 23, ndipo dada yangu akachukua simu akatafuta kwa saa nzima mahali pa kuizima. Matangazo ya nepi yaliendelea kwenye mitandao mingine, ambako sikumwambia mtu.

Sisemi msitumie. Nasema mkijisajili tafuteni kwanza kitufe cha kufuta taarifa kiko wapi, kabla hamjakihitaji. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ilimaliza shauri na kampuni ya aplikesheni moja kubwa ya hedhi, iliyodaiwa kupeleka taarifa za wanawake kwa makampuni ya matangazo wakati iliahidi kuzitunza. Kwetu sheria ipo, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, ila seva za watu hawa ziko mbali. Mimi sasa nina mimba ya wiki 18. Natumia daftari.

#15 MjiKasoroBahari

Kimya Kingi, pole sana dada. Wiki 18, Mungu akusimamie. Nimeisoma mara mbili.

#16 Kisamvu cha Nazi

Nimesoma mambo ya lishe, nichangie upande wa chakula, kwa sababu aplikesheni nyingi zina sehemu ya kuandika ulichokula na hapo ndipo zinapoachana na sisi. Andika "ugali", unaletewa kitu kimoja cha ajabu chenye kalori za kubuni aliyekiingiza mtumiaji mwenzako. Andika "mlenda", kimya. Kisamvu ndiyo kabisa. Mtu anaishia kuchagua mkate na pasta kwa sababu vinapatikana kwenye orodha, mwisho anahesabu chakula ambacho hakula.

Majedwali yetu yapo. Tanzania ina lake la mwaka 2008, lilitayarishwa na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard, na Kenya lake ni la 2018. Yote yanapatikana mtandaoni bure. Lakini kusema kweli mjamzito hahitaji kupima sembe kwa gramu. Ajue vitu viwili vitatu.

Nyongeza ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Miezi mitatu ya kwanza ni sifuri. Ya kati ni kama kalori 340 kwa siku: yai moja la kuchemsha, ndizi mbivu moja na glasi ya maziwa, umemaliza. Miezi mitatu ya mwisho ni kama 450, ongeza hapo kiganja cha karanga. Hicho ndicho "chakula cha mtu wa pili". Mtu wa pili mwenyewe miezi ya kati bado hajafika hata kilo.

Na kilo nyingi haziji na ugali unaoonekana, zinaingia na mafuta na sukari ambavyo mtu hahesabu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120. Angalia mchuzi wa nyumbani, chupa inavyoinamishwa. Soda ya mililita 300 ina kama gramu 30 za sukari, karibu vijiko vinane vya chai. Dada wa Morogoro, soda yako ya saa nne na yale maziwa ya sukari peke yake yalitosha kukupandisha.

Kinachosahaulika kwenye kikokotoo ni kwamba kilo haisemi umekula nini. Unaweza kuwa kijani tupu na damu huna. Dagaa, maharage, mboga za majani na chungwa pembeni, maini mara mojamoja tu, mimba haitaki mengi. Na vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki mnavyovificha kwenye kabati mvimeze. Chai msinywe navyo. Mnaotafuna udongo wa pemba, mwambieni nesi ukweli, mara nyingi ni damu inaomba madini ya chuma.

#17 Shangazi Kibao

Maneno mazuri. Lakini hilo jedwali mmesema wenyewe ni la Marekani. Mwili wa Mmarekani na wa Mluguru ni mmoja? Mnapimwa kwa futi za watu.

#18 Bint wa Maskati

Shangazi shikamoo. Swali lako na mimi niliuliza, maana niko Oman na kila kitu hapa kinapimwa kwa vya huko. Daktari wangu akanionyesha kitu kingine, utafiti wa INTERGROWTH. Walifuata wanawake wenye afya na lishe nzuri kwenye miji minane ya dunia, na miwili ni ya kwetu sote: Nairobi pale Parklands, na hapa Maskati. Mingine ni Oxford, Turin, Seattle, Pelotas ya Brazil, Nagpur ya India na wilaya moja ya Beijing. Mwaka 2016 wakatoa viwango vya uzito wa mimba kwa walioanza na BMI ya kawaida. Wastani mpaka wiki ya 40 ulikuwa kilo 13.7.

Sasa linganisha na lile la Marekani, 11.5 mpaka 16. Hiyo 13.7 imekaa katikati kabisa. Mluguru hakupimwa, lakini jirani yake wa Parklands alipimwa.

#19 Shangazi Kibao

Marahaba mwanangu. Kilo 13.7 na mtoto ni kilo tatu. Hizo kumi zinakwenda wapi kama si kitako?

#20 MkungaMstaafu

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Kwa makadirio: mtoto kilo 3.3, kondo la nyuma gramu 700, maji ya chupa ya uzazi karibu kilo moja, mji wa mimba wenyewe kilo moja, matiti nusu, damu iliyoongezeka kilo moja na nusu, majimaji ya mwilini mengine kama hayo. Yaliyobaki, kilo nne hivi, ni mafuta ya akiba ya kunyonyeshea. Kwa hiyo kitako kipo, shangazi, lakini kina kazi.

#21 Mama K wawili

Kidoti changu mimi kilikuwa juu ya kijani, si chini. Nikajinyima wiki tatu. Kwenda kupiga picha ya ultrasaundi, mapacha! Aplikesheni ilikuwa na swali la "idadi ya watoto" limefichwa kwenye mipangilio, nani angefikiria kwenda huko. Kwa mapacha mtu wa BMI ya kawaida ni kilo 17 mpaka 25. Nilikuwa na njaa halali.

#22 BabaKijacho

Narudi kutoa taarifa. Alilazwa usiku ule. Walikuta ketoni kwenye mkojo, yaani dalili ya mwili kukosa chakula, ametundikiwa dripu nyingi, jana amekunywa uji na umekaa. Mkunga, sina neno. Daktari aliuliza kwa nini tumechelewa siku mbili, nikashindwa kumwambia nilikuwa nasoma kwenye simu kwamba ni kawaida.

#23 MkungaMstaafu

Alhamdulillahi. Usijilaumu, umeuliza. Mpe vitu vikavu kidogokidogo asubuhi kabla hajanyanyuka kitandani.

#24 Fundi Simu wa Msamvu

Kwa anayetaka chombo bila kujisajili popote: fungua karatasi ya hesabu kwenye simu, safu tatu. Tarehe, wiki ya mimba kutoka kwenye KADI, kilo. Bonyeza mchoro. Umemaliza, hakuna nepi zitakazokufuata. Kama lazima aplikesheni, basi ukishajaza tarehe, usiangalie kidoti. Angalia kwanza tarehe ya kujifungua iliyokupa, ilinganishe na kadi. Zikipishana siku chache poa, zikipishana miezi umegeuza siku na mwezi. Zinazosumbua ni tarehe 1 mpaka 12 tu, ukiandika 25/07 simu inakataa yenyewe. Pia angalia kama imekaa kwenye pauni. Jamaa aliandika 60 ikasoma pauni, mkewe akaambiwa ana kilo 27.

#25 nyanya_chungu

Zamani kulikuwa na ile ya Wazazi Nipendeni, mwaka 2012, unatuma neno MTOTO kwenda 15001 unaletewa ujumbe wa Kiswahili bure, hata kwa simu ya kitochi. Haikuwa na kidoti wala artichoki. Nilikuwa naipenda.

#26 MjiKasoroBahari, 23 Novemba

Wadau nimewasoma wote. Nimerekebisha tarehe. Kidoti sasa kiko JUU ya kijani, chekundu vilevile, rangi hawabadilishi. Nimenunua daftari la shilingi mia tano. Najipima Jumapili asubuhi kabla ya chai, mizani juu ya sakafu, maana nimegundua nilikuwa naiweka juu ya zulia na inadanganya. Soda nimeacha. Maandazi najitahidi, lakini jirani anayachoma dirishani kwangu.

#27 Mjomba Pilipili

Dirisha lifungwe. Tumemaliza.

#28 MjiKasoroBahari, 30 Januari

Naufufua uzi wangu. Wiki ya 30 leo. Kipimo cha kisukari nilikiomba mwenyewe, kimetoka salama. Presha 112 kwa 70. Kliniki leo kilo 68.5, yaani tangu ile siku ya aibu nimeongeza kilo nne kwa wiki kumi na moja.

Nesi ni yuleyule. Alivyoona nimevua viatu kabla hajasema, akacheka. Akaandika, akafunga kadi, akanirudishia bila neno. Nikamuuliza, "Niko sawa?"

Akasema, "Ningekurudisha kwenye mizani."